Mtumbwi wa Shangazi Mwamini na Somo la Pili la Kushoto

Kuna siku moja ambayo kichwa changu kimekataa kuiachia, mwanangu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama ndani ya mto Lualaba, maji kiunoni, suruali nimeifunga kichwani kama kilemba ili isilowe, mkononi nina ufito wa mwanzi, nachoma matope katikati ya matete. Nachoma hapa, nasogea, nachoma pale. Nilikuwa nautafuta mtumbwi wa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke aliyenilea na kunilisha. Nilitaka kumnyang'anya kwa ajili ya usawa wa binadamu.

Shangazi Mwamini akatokea ukingoni na kapu lake la muhogo. Hakupiga kelele. Alitua kapu, akakaa kwenye nyasi, akanitazama kwa muda ambao nadhani jua lilichoka likakaa naye.

"Mutoto wa kaka yangu," akasema, "kama ni kambale, umekosea fasi. Hapo iko vyura tu."

"Natafuta mutumbwi, Shangazi."

"Ya nani?"

"Ya wote."

"Wote njo nani? Nitajie mumoja."

Tumwache kijana huyo majini kwanza, baridi itamfaa. Nataka ujue alifikaje pale, maana juzi mlikuja watatu kwenye lupango langu, hapa uani, mkiwa na karatasi za ushirika wenu wa gati. Mnataka mitumbwi yote inayovusha watu kati ya mjini na Alunguli iwe chini ya ushirika mmoja. Wanafunzi wavuke bure. Mwenye magunia ya biashara atoe zaidi kuliko mama mwenye kapu moja. Mvushaji akiugua, wenzake wamlishe. Wewe mwenyewe ukaniambia, kifua mbele, kwamba hiyo ndiyo siasa ya kushoto ya kisasa, na kwamba mimi, mzee niliyesoma, lazima niwaelewe. Kisha mkaniomba mtumbwi wa Shangazi. Niliwapa karanga, nikasema nitaandika. Haya, nimeandika. Jibu liko mwisho, lakini usiruke, la sivyo utakosa mahali nilipopigwa kibao.

Miaka ile ya vita mji huu ulikuwa umefungwa kama kuku ndani ya kapu. Wenye bunduki wa aina moja walikuwa ndani, wenye bunduki wa aina nyingine walikuwa porini wakituzunguka, na wote wawili walisema wanapigana kwa ajili yetu. Treni haikuja. Majani yaliota katikati ya reli mpaka mbuzi wakapafanya hoteli. Chumvi ilikuwa adimu kiasi kwamba mtu akionja mchuzi wenye chumvi, majirani walikuja kumuuliza habari zake. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo, nyuma ya Alunguli. Asiye na mtumbwi alikaa ukingoni akiangalia upande ambao muhogo wake unakomaa bila yeye.

Sasa, sisi watu wa mto tuna desturi moja ya zamani. Mtumbwi usiotumika tunauzamisha. Unaujaza maji, unaweka mawe, unalala chini ya matete, na jua halipasui ubao wake. Wakati wa vita desturi ile ikapata kazi ya pili. Askari wakija kuuliza mitumbwi iko wapi, mto mzima ulikuwa mtupu. Kila familia ilijua pa kuzamisha wa kwake, haikujua wa jirani, na haikuuliza. Alfajiri mtu anauinua, anavuka, anarudi na kapu, anauzamisha tena. Majirani wasio na mtumbwi waliomba nafasi, wakapewa au wakanyimwa, kutegemea roho ya mwenye mtumbwi na jinsi walivyosalimiana wiki iliyopita.

Hilo la kunyimwa ndilo lililoniuma. Na mimi, mwanangu, nilikuwa msomi. Msomi wa masomo ya jioni, sawa, lakini msomi. Tulisomea katika darasa la watoto, magoti yakigonga madawati, taa moja ya petroli kwa watu arobaini, na mbu ambao, sitii chumvi, walikuwa wanabisha hodi kabla ya kuuma. Mwalimu wetu aliitwa Idumba. Alikuwa karani wa reli. Reli ilipolala, yeye akatafuta watu wa kuwaamsha.

Ndiye aliyenifundisha kushoto. Alianza na viti: katika bunge la kale la Wafaransa, waliotaka kupunguza nguvu za mfalme walikaa upande wa kushoto wa mwenyekiti, na waliomtetea mfalme walikaa kulia. Ni mambo ya viti tu, alisema, lakini majina yakabaki na yakazunguka dunia. Kisha akatupa uchumi wao. Watu wa kushoto wanasema utajiri haumshukii mtu kutoka mbinguni. Umetoka kwenye mikono ya wengi, kwa hiyo aliyekusanya zaidi achangie zaidi. Wanasema mambo ambayo kila mtu anayahitaji, kama hospitali, shule, maji, reli, yasiachwe kwa mfanyabiashara peke yake, kwa sababu mfanyabiashara hajengi reli ya kwenda kwa maskini. Wanasema mfanyakazi mmoja mbele ya patroni ni mnyonge, lakini wakiungana wanasikilizwa. Wanasema Leta, yaani serikali, isikunje mikono wakati wakubwa wanawameza wadogo.

Nilisikia maneno yale nikahisi kama mtu amefungua dirisha ndani ya kifua changu. Nilikuwa nawaza mitumbwi tu.

Mwalimu alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Alisema watu wa kushoto si wamoja. Wapo wanaotaka soko libaki, mwenye duka abaki na duka lake, ila afungwe hatamu na alipe kodi kwa ukubwa wake. Wapo wanaotaka ardhi, migodi na viwanda vyote viingie mikononi mwa umma. "Hilo ni somo la kwanza, la mali," akasema. "Somo la pili ni la utawala. Yule mwenye kugawa mali, nani anamuchunga? Tutalifanya juma lijalo."

Juma lililofuata askari walihamia darasani na kupikia madawati yetu. Somo la pili halikufanyika. Hapo ndipo ulipoanzia mkosi wangu: nilikuwa nusu ya msomi, na nusu niliyokuwa nayo ilikuwa inang'aa.

Nilimchukua rafiki yangu Sefu, fundi wa kinga, yaani baiskeli, ambaye kinga zote alizotengeneza zilikuwa zimeshachukuliwa na askari, tukaunda Komite ya Mitumbwi ya Watu. Sefu akawa prezida kwa sababu alikuwa na sauti. Mimi nikawa sekretere kwa sababu nilikuwa na kaye, daftari la shule, na kalamu. Nilihutubia nyuma ya msikiti siku ya Ijumaa na mbele ya kanisa siku ya Jumapili, hotuba ile ile, nikibadilisha salamu tu. Nikasema: kila mtumbwi wa kartye yetu, mtaa wetu huu, utolewe matopeni, uletwe gatini, ufungwe kwenye mnyororo mmoja. Komite itapanga nani avuke lini. Hakuna tena kuomba, hakuna tena kunyimwa.

Watu wakakubali. Mitumbwi tisa ikainuliwa. Tukaifunga kwa mnyororo wa reli ambao hata tembo asingeukata, kufuli juu yake, ufunguo shingoni kwangu. Katika kaye nikaandika kila kitu kwa mwandiko wa msomi: mtumbwi wa nani, unabeba watu wangapi, shamba la mwenyewe liko wapi.

Na sitaki nikudanganye, mwanangu, kwa sababu wapo wazee watakaokusimulia hadithi kama hii na kusema ilikuwa ujinga tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Kwa wiki tatu ilifanya kazi. Mama Asumani, mjane mwenye mapacha, ambaye miezi yote ile alikuwa akilisha watoto sombe bila bugali, alivuka mara nne na kurudi na kapu limejaa. Mzee mmoja mwenye jipu la mguu alivushwa kwa mganga bila kumsujudia mtu. Nilitembea kartye nzima nikiwa nimenenepa, na sikuwa nimekula.

Mtumbwi wa kumi ulikosekana, na ulikuwa wa nyumbani kwetu.

Shangazi Mwamini alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Mtumbwi ule mumewe alimchongeshea kabla hajafa, wa mti mgumu, mweusi, mzito kama kesi ya ardhi. Tuliitisha mkutano, nikasimama mbele ya watu na kumuuliza shangazi yangu mwenyewe.

"Shangazi, kila mutu ametoa. Sababu gani wewe unabakia nyuma?"

"Niliacha kuvusha nani?" akauliza. "Asimame."

Hakuna aliyesimama. Kwa kweli, kama mtumbwi wake ungekuwa na ulimi, ungewataja nusu ya waliokaa pale.

Sefu akaingilia. "Basi mama, shida yako na komite ni nini?"

"Shida yangu ni ile shingo," akasema akinionyesha kwa kidole. "Njo iko na ufunguo. Siku yenye kukosea, tutaenda kuiuliza wapi?"

"Komite haikosei," nikajibu. "Komite njo watu wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Nakiri, nilipenda makofi yale kuliko bugali na samaki. Shangazi akafunga vizuri kitenge chake, akaondoka. Nami, makofi yakiwa bado masikioni, nikafungua kaye na kuandika chini ya majina yale tisa: Mwamini, mtumbwi mmoja, hajatoa. Jioni ile nilimwita mnyonyaji mbele ya rafiki zangu. Mwanamke mwenye kitenge kimoja cha kazi na kimoja cha maziko, nilimwita mnyonyaji, kisha nikaenda kula kwake.

Kwa siku mbili nzima nilichoma matope. Ndipo alipotokea na kapu lake, na sasa tunaweza kumrudia yule kijana mwenye suruali kichwani.

Swali lake lilikuwa: wote ni nani, nimtajie mmoja. Nikaanza kusema wafanyakazi, wanyonge, umma. Akatikisa kichwa.

"Hao sijawaona gatini. Mimi namuonaka Sefu, na wewe."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akashuka majini na kitenge chake, akapita kando yangu, hatua kumi hivi kutoka niliposimama, akagonga chini kwa kisigino. Ubao ukaitika.

"Njo huu. Ulikuwa unachoma mbali. Sasa unajua. Lete kaye yako, andika fasi yake."

Akanishika bega.

"Sikiliza. Kugawa, mimi sikatali. Baba yako alikula kwenye mutumbwi huu, na wewe ulikula. Minakatala mutu mwenye kugawa ambaye hakuna wa kumuambia 'rudisha'. Nani atakuambia wewe 'rudisha'? Sefu? Yeye anapenda sauti yake tu. Wale wenye kupiga makofi? Na hiyo kaye. Leo unaisoma wewe. Kesho itasomwa na nani?"

"Nitaisoma mimi, Shangazi."

"Kaye haina mulango, mutoto wangu. Kila mwenye kuishika anaingia."

Sikuandika mahali pale. Ningependa kukuambia ni kwa busara, lakini kusema kweli kaye ilikuwa nyumbani, mimi nilikuwa natetemeka, na suruali ilikuwa imeanza kuteleza.

Siku tatu baadaye, asubuhi, komanda wa wale waliokuwa ndani ya mji alishuka gatini na askari wake. Mtu mpole wa kusema, mwenye kofia safi. Aliomba kuonana na sekretere. Nilijitokeza, na nisifiche, nilijisikia mkubwa.

"Ninyi njo Komite ya Mitumbwi ya Watu?"

"Ndiyo, Komanda."

"Vizuri sana. Na mimi napigania watu. Basi vitu vya watu, ni kazi yangu kuvichunga."

Akanyoosha mkono, akatoa ufunguo shingoni kwangu taratibu, kama mtu anayemvua mgeni shada la maua. Kaye akaitoa kwapani mwangu. Mitumbwi tisa ikaondoka na magunia ya askari na bunduki zao. Tisa. Miezi yote ile walikuwa wamepekua matete ya ukingo huu bila kupata hata kasia. Mimi niliwakusanyia, nikawafungia, nikawaandikia hata ni watu wangapi inabeba. Wenye mitumbwi walisimama nyuma yangu, na hakuna aliyepiga makofi.

Komanda hakuwa amemaliza. Alikuwa anasoma kaye. Alifika mstari wa mwisho.

"Mwamini ni nani? Hajatoa. Mutumbwi yake iko wapi?"

Shangazi alikuwa pale pale, katikati ya wanawake. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia ng'ambo, upande wa shamba lake.

"Ulioza, Komanda," nikasema.

"Umeandika hajatoa."

"Hajatoa kwa sababu umeoza."

Kile kibao, mwanangu, kilianzia wapi sijui, lakini kilifika. Hadi leo mvua ikitaka kunyesha sikio hili la kulia linatangaza kabla ya redio. Akauliza tena, nikajibu vilevile, kikaja cha pili. Akasema basi nionyeshe ulipoozea. Nikashuka majini na askari wawili, nikawapeleka kwenye vyura, pale pale nilipopoteza siku zangu mbili. Komanda akainama, akaangalia. Matope yote yalikuwa yametobolewa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Hakuna binadamu mwenye akili anayetoboa matope kiasi kile kama anajua mtumbwi uko wapi.

"Kweli huyu ametafuta," akasema, akapanda juu, akaenda zake.

Ujinga wangu ndio ulioniokoa, na ulimwokoa Shangazi pia. Hiyo ni faida pekee niliyowahi kuipata kwenye ujinga, na simshauri mtu kuutegemea.

Alfajiri iliyofuata Shangazi aliinua mtumbwi wake. Hakuniambia "nilikuambia". Aliwaita wale tisa walioporwa, na Mama Asumani, na wengine wasiokuwa na mtumbwi tangu mwanzo, akasema mtumbwi ni huu mmoja, tupange. Hakukuwa na kaye. Walichagua watu wawili wa kupanga zamu, na kila juma la soko wakawabadilisha. Kila anayevuka alimjua anayefuata. Wenye watoto wadogo na wagonjwa walitangulia. Wakirudi waliuzamisha mahali papya. Mimi kazi yangu ilikuwa kukumba maji, kuyatoa mtumbwini, na kunyamaza, na yote mawili nilijifunza kwa shida.

Asubuhi moja dada yake Shangazi alikuja na kapu lake kabla ya zamu yake. Shangazi akalipakia. Damu ni damu. Mama Asumani, yule mjane wa mapacha, asiye na hata ubao mmoja katika mtumbwi ule, akasimama majini, mikono kiunoni.

"Mwamini, rudisha."

Mtumbwi wa Shangazi, kasia la Shangazi, na shingo ya Shangazi ndiyo ingekatwa komanda angetukuta. Alimtazama Mama Asumani. Kisha akainama, akalishusha kapu la dada yake, akaliweka ukingoni.

"Nimekosea," akasema. "Ingia, mama mapacha."

Nilikuwa nimeshika kibuyu cha kukumbia maji. Hapo hapo, maji yakiingia mtumbwini kwa sababu nimesahau kukumba, ndipo nilipolipata somo la pili.

Vita vilipopoa shule ya jioni ilifunguliwa. Mwalimu Idumba alirudi mwembamba, angeweza kupita chini ya mlango bila kuufungua. Akasema tuendelee tulipoishia. Akatueleza utawala. Wapo watu wa kushoto waliojenga hospitali na mafao ya wazee kwa kura, na waliposhindwa kura wakatoka ofisini na kurudi nyumbani. Na wapo waliochukua kila kitu kwa jina la watu, wakafunga magazeti, wakavunja vyama vya wafanyakazi wale wale waliosema wanawatetea, na jina "watu" likawa jina la mtu mmoja mwenye ufunguo. Wote wawili wanajiita kushoto. Tofauti yao hutaiona katika ahadi za kugawa. Ahadi zinafanana kama mapacha. Utaiona siku mtu mdogo anaposema "rudisha".

Nikanyoosha mkono, nikamwambia somo hilo nimeshalifanya, nilifundishwa na shangazi. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza Shangazi anakaa wapi, akaenda kumsalimia.

Nilipata cheti changu, kikubwa kama mlango, na Shangazi akakitundika karibu na picha ya marehemu mumewe. Sasa na yeye ni marehemu. Mtumbwi akaniachia mimi. Una viraka vingi kuliko ubao wenyewe, lakini unaelea.

Kwa hiyo mlipokuja juzi na karatasi zenu, usidhani nilinyamaza kwa uzee. Nilinyamaza kwa sababu nilisoma kurasa zote, nikaona nani atalipa na nani atavuka bure, nikaona mpaka rangi ya fulana zenu, na sikuona popote jinsi mtakavyomtoa mwenyekiti akiharibu. Mmeandika somo la kwanza vizuri kuliko nilivyolijua mimi. Somo la pili hamkuliandika.

Mnitilie mashaka na mimi pia, msidhani nimenunuliwa na wa upande wa pili. Akija mtu kukuambia Leta ikae kando, soko litajipanga lenyewe, mwulize habari za migodi ya Kampene na Kama. Mchimbaji anashuka shimoni na kupanda na chembe ya dhahabu, na bei anaambiwa na mtu mwenye mzani wake mwenyewe. Soko limepanga pale, ndiyo, limempanga mchimbaji chini kabisa. Mwulize ni tajiri gani atatengeneza barabara ya Punia kwa faida yake. Wa kushoto wanaposema kuna mambo lazima tuyabebe pamoja, wanasema kweli, na nimeiona kweli hiyo ikiwa na mapacha mgongoni.

Lakini akija mwingine kukuambia shule ni bure, nenda naye darasani. Watoto wamebanana kwenye benchi moja kama samaki wa kukaushwa. Mwulize mwalimu mshahara wake wa mwisho ulifika lini. Wazo ni zuri, mimi nalipenda. Ndiyo sababu nalichunguza kuliko mawazo nisiyoyapenda, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kunidanganya. Na wale wa wakati wa uchaguzi, wanaokuwa kushoto asubuhi wakiomba kura na kulia jioni wakigawana viti, hao usiwaulize kitu. Wahesabie vidole baada ya kukupa mkono.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, nakupa bila kuifunga. Usione haya kupenda usawa. Kijana asiyeumia kuona jirani ananyimwa nafasi ya kuvuka, huyo ndiye nitakayemwogopa. Mwenye nguvu achangie zaidi, mgonjwa atangulie, mtoto asome, wafanyakazi waungane: hayo yashike. Ila kila atakayekuja na maneno hayo, hata akiwa rafiki yako, hata ukiwa wewe mwenyewe, mwulize mambo yangu haya. Ufunguo unakaa shingoni kwa nani, na utahama lini? Kaye ikianguka mikononi mwa mwenye bunduki, itamwambia nini? Na asiye na kitu akisema "rudisha", kapu litashuka au hatashuka mtu ila yeye? Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Rudi nyumbani, uzamishe mtumbwi wako.

Nami nimefikia uamuzi. Mtumbwi wa Shangazi nitawapa. Andikeni kwanza ukurasa unaokosekana: wapangaji wachaguliwe na wanaovuka, si wavushaji peke yao, wabadilike kwa muda unaojulikana, na neno la mama mwenye kapu moja liwe na uzito sawa na la mwenye magunia. Mkimaliza, msiniletee nyumbani. Usomeni gatini kwa sauti, siku ya soko, mbele ya wanawake wenye haraka. Wakiwaacha mfike mwisho wa ukurasa, njooni na mikono ya kuyatoa mawe mtumbwini, nitawaonyesha ulipo. Hamtaupata kwa kuchoma matope, nimeshajaribu.

Kisha nitakaa pale ukingoni na sikio langu la mvua. Siku mtakapokosea, mtanisikia. Siku nitakapopakia kapu la ndugu yangu kabla ya zamu, nami nataka niwasikie.

Mungu awavushe, mwanangu, wewe na wenzako, na awarudishe salama na makapu yaliyojaa. Mikono yenu isichoke na kasia, na masikio yenu yasichoke na kelele za watu mliowabeba.